Furaha ya Mtu Aliyeitwa

*Hotuba ya Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, imechapwa hapa kwa ombi la wazee*



Mnajua ya kuwa kazi yangu katika mkutano huu kila mwaka ni kusoma hesabu. Mwaka huu Kamati iliniagiza nikiisha kusoma hesabu nisiketi, bali niseme machache juu ya furaha na wito katika imani ya Kikristo. Nilimwambia Mwenyekiti kwamba jambo hilo lawafaa wachungaji na mapadre, nami ni karani tu. Akanijibu, "Ndiyo sababu tumekuchagua wewe." Nimelifikiri jibu hilo majuma matatu, na haya nitakayosema ndiyo niliyoyapata.

Haupiti mwezi bila kijana kufika mezani pangu na cheti chake mkononi kuuliza kazi. Wengine wamekwisha kupata kazi, lakini waja vilevile, kwa kuwa kazi waliyoipata siyo waliyoitaka. Mmoja aliniambia mwaka huu, "Karani, wenzangu waliitwa, mimi nilisahauliwa." Nilimjibu kwa maneno mepesi, naye akaenda zake. Tangu siku ile nimeona kwamba wengi wetu, hata wazee, twashika mawazo mawili yasiyo sawa. La kwanza ni kwamba wito ni mali ya watu wachache wavaao kola. La pili ni kwamba furaha ni ya wale ambao mambo yao yamekwenda vizuri. Leo nataka kuyajibu mawazo hayo kwa mifano ya watu wanaojulikana, na kwa mfano mmoja usiojulikana, ambao ni wangu.

Naanza na John Wesley, ambaye jina lake si geni kwa Wamethodisti wa Meru. Huyu alipata upadre katika Kanisa la Uingereza mwaka 1728. Alikuwa mtu wa sala, wa kufunga, na wa kuwatembelea wafungwa. Mwaka 1735 alipanda meli kwenda Georgia, Marekani, kuhubiri. Njiani, mwanzoni mwa mwaka 1736, dhoruba kubwa iliipiga meli yao. Wesley aliogopa kifo sana. Lakini palikuwa na Wakristo wa Moravian kutoka Ujerumani, wanaume kwa wanawake na watoto, nao waliendelea kuimba zaburi yao kwa utulivu. Jambo hili lilimchoma. Alikuwa na kazi ya Mungu mkononi, lakini amani waliyokuwa nayo wale wasafiri hakuwa nayo. Kazi yake huko Georgia haikufanikiwa, akarudi kwao mwenye huzuni. Jioni ya tarehe 24 Mei 1738, katika mkutano mdogo uliofanyika mtaa wa Aldersgate mjini London, alipokuwa akisikiliza mtu akisoma, aliona moyo wake unapata joto, akasadiki kwamba Kristo amezichukua dhambi zake yeye mwenyewe. Toka hapo alihubiri zaidi ya miaka hamsini, akisafiri kwa farasi katika mvua na baridi, mpaka alipokufa mwaka 1791.

Angalieni jambo hili, wazee wangu. Kola alikuwa nayo miaka kumi kabla ya furaha. Basi ikiwa mtu aweza kuwa na kola bila furaha, hatuna haki ya kusema kwamba furaha imefungiwa katika kola.

Sasa nawarudisha nyumbani, katika mlima wetu, ambao sisi Wameru twauita Kirimaara. Tarehe 3 Desemba 1849 mgeni mmoja alisimama Kitui akauona mlima huu kwa mbali, na theluji yake. Mgeni huyo alikuwa Johann Ludwig Krapf. Alipoandika habari hizo, wataalamu wengine wa Ulaya walimcheka, wakasema theluji haiwezi kukaa karibu na Ikweta. Lakini kucheka kwao hakukuwa jambo zito maishani mwake. Alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka uleule aliwazika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga. Mlima aliouona, hakuupanda. Watu waliokaa chini yake, yaani babu zetu, hakuwahubiria. Afya yake ilipovunjika alirudi Ujerumani, na watu wangaliweza kusema kwamba safari yake ilikuwa bure.

Lakini mwaka 1862 Krapf alirudi pwani kwa muda, akawasaidia Wamethodisti kutoka Uingereza kuanzisha misheni yao huko Ribe, karibu na Mombasa. Misheni hiyo ilikaa pwani muda mrefu, ikaona homa na makaburi mengi. Miaka hamsini ikapita. Mwaka 1912 Wamethodisti wa jamii hiyohiyo walifungua kituo cha Kaaga, hapa Meru. Waanglikana walikuwa wamekwisha kufungua Kigari, Embu, mwaka 1910, na wamisionari wa Consolata waliingia Meru mwaka 1911. Krapf alikuwa amekufa tangu 1881. Mbegu aliyosaidia kuitia udongoni pwani ilizaa kwenye mteremko wa mlima aliouona mara moja kwa mbali. Mtu wa namna hiyo hatuwezi kusema kwamba furaha yake ilitoka katika mavuno, maana mavuno hakuyaona. Kama alikuwa na furaha, ilitoka katika kumjua aliyemtuma shambani.

Huenda mtu akasema, "Hao ni wageni." Haya, tumtazame mwenyeji. Philip M'Inoti alikuwa mmoja wa Wameru wa mwanzo walioshika mafundisho ya Kaaga, akawa mhubiri na mchungaji. Lakini mkono uleule ulioshika Biblia ulishika na kalamu. Kufikia mwaka 1930 alikuwa ameandika, kwa Kiswahili, maandiko aliyoyaita *Asili ya Wameru na Tabia Zao*, na wataalamu waliochunguza historia ya Wameru baada yake wameyategemea. Hakuona kwamba kumtumikia Mungu ni kuwasahau wazee wake. Alijua kuandika katika siku ambazo wachache sana walijua, na ujuzi huo akautumia kwa ajili ya watu wake. Mimi niliye karani nikimkumbuka mzee huyu naona aibu kusema kwamba kalamu ni chombo kidogo.

Na jirani zetu wa Nyeri wanayo habari nyingine ya kalamu. Sista Irene Stefani, mtawa wa Consolata kutoka Italia, alifika Kenya mwaka 1915. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza aliwauguza wapagazi wa jeshi katika hospitali za Voi, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam, mahali ambapo vijana wetu waliobebeshwa mizigo ya vita walikufa kwa maelfu. Baada ya vita alikaa Gikondi miaka kumi. Alifundisha, alitembelea wagonjwa, na tena aliandika barua. Mama ambaye mwanawe alikuwa mbali kutafuta kazi alikuja kwake, akasema yaliyo moyoni, naye Irene akayaandika na kuyapeleka. Watu walimpa jina la Nyaatha, maana yake mama wa huruma. Alikufa tarehe 31 Oktoba 1930 kwa tauni aliyoipata kwa kumhudumia mgonjwa. Tarehe 23 Mei 2015 alitangazwa Mwenye Heri huko Nyeri, na umati mkubwa ulihudhuria. Wako wengi waliofanya mambo makuu wakasahauliwa. Huyu watu walimkumbuka, pamoja na mengine, kwa kuwaandikia barua.

Sasa nafika penye mfano wangu. Nausema kwa sababu, tangu Uamsho ulioanza Rwanda na Uganda ulipofika Kenya mwaka 1937, ndugu zetu wametufundisha kwamba mtu asihubiri juu ya dhambi za jirani akizifunika zake. Wengi wao walirudisha vitu walivyoiba, jembe kwa mwenye jembe, shilingi kwa mwenye shilingi, na furaha yao ilianzia hapo.

Baba yangu alikuwa mwinjilisti. Alizunguka vilima vyetu kwa miguu, Biblia yake katika mfuko wa kitambaa, na tamaa yake kubwa ilikuwa kuniona mchungaji. Mimi nami nilitamani. Nilipomaliza masomo ya sekondari katika shule ya misheni niliomba nafasi ya kusomea uchungaji. Nafasi zilikuwa chache, sikuchaguliwa. Baba akafariki kabla sijaomba tena. Nikapata kazi ya ukarani katika chama kimoja cha wakulima wa kahawa, na kwa miaka minne nilikaa kazini kama msafiri anayengoja gari kituoni: simwangalii mtu, natazama barabara tu. Nikiombwa kwenda kumwona mgonjwa, nilisema hiyo ni kazi ya mchungaji. Nikiambiwa kazi yangu ina makosa, nilisema moyoni kwamba hii siyo kazi yangu hasa.

Jioni moja ya msimu wa kahawa mvua ilikuwa ikinyesha, na foleni ilikuwa ndefu. Mama mmoja mjane alileta kahawa yake pamoja na mjukuu wake wa darasa la tano. Mizani ilionyesha kilo 37. Mimi nilikuwa nikiwaza kwenda nyumbani, nikaandika 31. Asubuhi yule mama alirudi. Akasema, "Mwanangu, sikuja kugombana. Mtoto asema mizani ilikuwa thelathini na saba, na karatasi yasema thelathini na moja. Mimi sijui kusoma. Huyu akiwa shuleni, macho yangu ni wewe."

Wazee wangu, nilimjibu kwamba mtoto hakuona vizuri. Nikamwambia aende. Akaenda bila neno.

Mchana nilipojumlisha daftari niliona kwamba kahawa iliyopokewa ilizidi maandishi yangu kwa kilo sita. Basi nilijua. Nilimwendea mkubwa wangu, naye akasema kilo sita si neno, hesabu imekwisha kupelekwa, niache. Nikaacha. Lakini usiku sikulala. Kila nilipofumba macho nilimsikia akisema, "Macho yangu ni wewe." Nikamkumbuka baba yangu, ambaye alikuwa akiwasomea watu wasiojua kusoma, wala hakuwahi kuwasomea neno lisilokuwamo. Nikaona kwamba kazi ya baba niliyoililia miaka minne ilikuwa imekuja mlangoni pangu imelowa mvua, nami nikaifukuza.

Asubuhi niliandika barua ya kukiri kosa langu, nikaomba hesabu irekebishwe. Nilipewa barua ya onyo, nayo ilikuwa haki yangu. Jioni nilikwenda nyumbani kwa yule mama, nikamwambia kwamba mtoto aliona vizuri na kwamba mimi nilisema uongo. Alinitazama kitambo, kisha akasema, "Basi keti, unywe uji." Hakusema zaidi. Nikanywa.

Nilipofika kwangu mke wangu aliniuliza kama nimepandishwa cheo, kwa maana alinisikia nikipiga mluzi tangu mtoni. Nilimwonyesha barua ya onyo. Hakuelewa, na mimi sikuweza kumweleza vizuri usiku ule. Leo nadhani naweza. Mtume Paulo alipowaandikia Wakolosai aliwaambia hata watumwa kwamba kazi yao waifanye kama wanaomtumikia Bwana mwenyewe. Kama neno hilo lilimfaa mtumwa, halikosi kumfaa karani. Siku ile, kwa mara ya kwanza, mizani ile na daftari lile vilikuwa mbele ya Mungu, nami nilikuwa mbele yake pamoja navyo. Hiyo ndiyo furaha ninayoijua. Haikuniondolea umaskini, wala sikupata cheo. Lakini niliacha kutazama barabara.

Hapa sina budi kusema neno la tahadhari, na naomba Kamati inisamehe likiwa kali. Neno hili "wito" hutumiwa vibaya. Mwalimu wa watoto wadogo akiuliza mshahara wake wa miezi mitatu, huambiwa ya kuwa kazi yake ni wito. Mwuguzi akiomba kupumzika, huambiwa vivyo hivyo. Baba yangu aliambiwa miaka mingi kwamba malipo yake yako mbinguni, na waliomwambia hivyo walikuwa wakipokea yao hapa duniani. Alikufa akidaiwa dukani. Yesu alipowatuma wale sabini alisema mtenda kazi astahili ujira wake. Furaha ya anayetumika haifuti deni la anayetumikiwa. Tukimwita mtu mtumishi wa Mungu kisha tukamnyima haki yake, hatumheshimu Mungu, tunamtaja ili tujifiche nyuma yake.

Tena furaha hii si kicheko, wala haikosi hatari. Askofu David Gitari alizaliwa Ngiriambu, Kirinyaga, mwaka 1937, naye pia alikuwa mtoto wa mwinjilisti. Mwaka 1975 alipata kuwa askofu wa kwanza wa dayosisi ya Mount Kenya East, makao yake yakiwa Embu. Alihubiri juu ya haki waziwazi, hata baada ya uchaguzi wa mlolongo wa mwaka 1988, wakati ambapo wengi walinyamaza. Usiku wa tarehe 21 Aprili 1989 kundi la watu lilivamia nyumba yake. Alipanda juu ya paa, akapiga kelele kuomba msaada, na majirani wakaja mbio, wale watu wakakimbia. Aliendelea na kazi, na mwaka 1997 akawa Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana la Kenya. Alifariki mwaka 2013.

Nikiisoma habari hiyo nawafikiri wale majirani. Askofu alikuwa na wito wake. Lakini wao nao waliitwa usiku ule, kwa sauti iliyotoka juu ya paa, wala hawakuuliza kama kuokoa askofu ni kazi ya mwenye kola. Walikwenda. Chama chetu cha ustawi ni nini, kama si chama cha majirani waliokubali kuitwa? Msiba ukitokea, karo ikikosekana, mgonjwa akilazwa mbali na kwao, jina huitwa, na mmoja wetu huitika. Katika hesabu mlizozisikia leo, kila mstari ni mwito wa mtu fulani, na kila malipo ni itikio.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, wanachama waliochaguliwa kuwatembelea wagonjwa wasipeleke fedha tu na kuondoka. Waketi kitandani pa mgonjwa, wamsikilize, na asiyejua kuandika wamwandikie barua ya nyumbani. Pili, kabla hatujaanza jambo jipya lolote, tuwalipe wale wanaotufanyia kazi wote wanaotudai. Tatu, wazee wakae na vijana wetu, hata wale wenye kazi wasizozipenda, wawaulize swali hili: nani anayekutegemea uwe macho yake? Kijana akimpata mtu huyo, wito wake hauko mbali.

Na yule kijana niliyemjibu kwa maneno mepesi, nimekwisha kumtafuta. Atakuja kwangu Jumamosi. Sina kazi ya kumpa, lakini safari hii nitamsikiliza mpaka mwisho.

Bwana Mwenyekiti, hapo naishia, nami narudi kwenye daftari langu. Mungu awabariki, na awajalie kila mmoja kuifurahia kazi iliyo mbele yake.